Bei ya Ofisi Isiyo na Kuta

Treni ya kutoka Chicago kwenda Milwaukee haiingii mjini Racine. Inakushusha Sturtevant, kituo kidogo katikati ya mashamba na maghala, na kutoka hapo unatafuta gari la kukupeleka mashariki, ziwani. Dereva niliyempata alidhani nimefuata kringle, keki iliyoletwa na wahamiaji wa Denmark ambayo tangu 2013 ni keki rasmi ya jimbo la Wisconsin. Nilipomwambia nimetoka Dar es Salaam na nakwenda kutazama ofisi, alinichungulia kwenye kioo.

"Unatafuta kazi?"

"Hapana. Nakwenda kuitazama tu."

Hata nyumbani watu walishangaa mtu anapandaje ndege kwenda kutazama meza na viti. Lakini ndiyo kazi yangu: napanga ofisi. Mteja ananikabidhi ghorofa tupu, orodha ya wafanyakazi na bajeti, nami namrudishia ramani inayoonyesha nani anakaa wapi, soketi ziko wapi na maji ya chai yatachemshiwa wapi. Miaka hii karibu kila mteja anaanza na maneno yaleyale: tunataka ofisi ya wazi, ya kisasa, watu washirikiane. Niliyekuwa naye wakati huo ni kampuni ya bima iliyopanga ghorofa nzima katika jengo la vioo katikati ya jiji, na mkurugenzi wake alishaamua kabla hajaniita kwamba patisheni zote zitoke. Sababu ya kwanza aliyoitaja ni ushirikiano. Ya pili aliisema kwa sauti ya chini kidogo: kuta zikitoka, watu wengi zaidi wataenea katika mita zilezile za mraba.

Nilikuwa na harusi ya ndugu Chicago. Nikaona niunganishe na mzunguko wa Ziwa Michigan, maana kwenye kingo za ziwa hilo ndiko sehemu kubwa ya wazo hili ilikochorwa, ikatengenezewa samani na kuuzwa kwa dunia nzima.

Ofisi ya Racine ni jengo la utawala la SC Johnson. Jina hilo kwetu si maarufu, ila bidhaa zake zimo majumbani: Raid ya mbu na mende ni yao, na siku hizi hata Kiwi ya viatu. Kampuni ilianza 1886 ikiuza sakafu za mbao, kisha ikagundua kwamba wateja wana shida zaidi na nta ya kuzing'arisha. Mwaka 1936 mjukuu wa mwanzilishi, Herbert Johnson, alimpa kazi ya ofisi mpya Frank Lloyd Wright, msanifu majengo aliyekuwa anakaribia miaka 70 na ambaye wengi walishamhesabu miongoni mwa watu wa zamani. Wright alitaka kampuni ihamie nje ya mji. Johnson akakataa: kiwanda kiko Racine, watu wako Racine, ofisi itabaki Racine. Basi Wright akajenga jengo lililoupa mji mgongo, la matofali mekundu yenye kona za mviringo, lisilo na hata dirisha moja la kutazamia barabara.

Ukiingia, kwanza unapita chini ya dari fupi, karibu gizani, halafu ukumbi unafunguka wote kwa mara moja. Nguzo ni za zege jeupe. Pale zinapogusa sakafu, upana wake ni sentimita 23, sawa na sahani ya chakula. Zinapanda zikinenepa polepole kwa zaidi ya mita 6, na juu kabisa kila moja inabeba duara la zege lenye upana wa karibu mita 5 na nusu. Wenyewe wanayafananisha na majani ya yungiyungi, na kweli ukiinua macho unajiona kama uko chini ya maji unayatazama kwa chini. Wakaguzi wa jimbo hawakuamini kwamba nguzo nyembamba hivyo ingesimama. Juni 1937 ikamiminwa moja ya majaribio. Ilitakiwa ihimili tani 12. Ikapakiwa mizigo mpaka tani 60 ndipo ikaangushwa.

Kati ya duara na duara ndimo mwanga ulimopitishwa. Wright hakuweka vioo vya kawaida. Aliweka mirija ya Pyrex, kioo kilekile cha maabara, mmoja juu ya mwingine, na jumla ya urefu wake inafika kilomita 69. Inapitisha mwanga lakini haionyeshi kilicho nje. Unajua kwamba jua limewaka. Hujui kama gari limepita. Nilichokipenda zaidi, kwa macho ya kazi yangu, ni jinsi mwanga ule usivyombagua mtu. Hakuna aliyepewa dirisha wala aliyetupwa kona ya giza, na hakuna wa kugombana na mwenzake juu ya pazia. Joto la majira ya baridi lilipitishwa chini ya sakafu, na hewa ilivutwa kutoka juu ya paa kwa minara miwili ya duara ambayo Wright aliiita pua.

Nikainama kuitazama meza. Wright alichora samani pia, na meza zile bado zipo: fremu ya bomba la chuma, ncha za mviringo ili mtu akipita haraka asijigonge nyonga, na droo ambazo hazivutwi kama zetu bali zinageuka kwenye egemeo, zinazunguka zikamfuata aliyekaa. Kapu la taka limening'inizwa kwenye fremu ili mfagiaji asihangaike nalo. Mtu aliyefikiria kiasi hicho habari ya mfagiaji na kapu alikuwa anafikiria kazi yenyewe, si picha ya ukumbi.

Lakini palepale pembeni ya meza kuna kiti, na kiti kilimshinda. Cha awali kilikuwa na miguu mitatu. Ukikaa wima, miguu miwili chini, kinatulia. Ukiegemea upande kuokota kalamu, kinakubwaga. Mama aliyetutembeza, mstaafu mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, alituambia hadithi inayosimuliwa pale miaka yote: mzee Wright aliombwa akikalie mwenyewe, akaanguka, ndipo akakubali miguu minne. Alisema jambo la pili ambalo kila mgeni humuuliza ni mvua. Paa la mirija lilivuja tangu mwanzo, likazibwa, likavuja tena, hata baadaye sehemu za juu zikabadilishwa kwa karatasi za plastiki.

Nilipomaliza kutazama, nikasikiliza. Ukumbi bado unatumika. Upande wa pili dada mmoja alikuwa anaongea na simu. Niliona midomo yake lakini sikupata neno hata moja. Kati yangu naye hapakuwa na ukuta. Kulikuwa na umbali, sakafu isiyopiga kelele, na dari la juu lililovunjwavunjwa na yale maduara, lisiloirudisha sauti kama linavyoirudisha bapa la jipsamu.

Nikauliza wakubwa walikaa wapi. Mama akaonyesha juu. Ukumbini walikaa makarani na wapiga chapa, kwenye roshani inayouzunguka walikaa wakuu wa idara, na juu kabisa, ukipanda lifti ya duara yenye vyuma kama tundu la ndege, ndiko walikokuwa mabwana wenyewe. Kwa hiyo hata katika ofisi ya wazi iliyosifiwa kuliko zote, uwazi ulikuwa wa watu wa chini. Johnson hakuwa mwajiri mbaya. Kampuni yake ilianza kugawana faida na wafanyakazi 1917, zama ambazo wengi hawakuliwazia hilo. Ila mlango wake aliubakiza.

Kabla ya kuondoka tulionyeshwa mnara wa utafiti, kazi ya Wright pia, uliokamilika 1950: ghorofa 14 zinazoning'inia kwenye shina moja la katikati, zimepangwa ili mkemia wa juu aweze kuzungumza na mwenzake wa chini. Ni mzuri kupindukia. Una ngazi moja nyembamba, ukafungwa 1982 kwa sababu za usalama, na tangu 2014 unafunguliwa kwa watazamaji tu. Nikautazama kidogo nikaenda kula kringle.

Kutoka Milwaukee kuna feri ya mwendo kasi inayovuka ziwa mpaka Muskegon, jimbo la Michigan, kwa saa mbili na nusu. Ukifika ng'ambo saa yako inasogea mbele kwa saa moja, na kwa muda mrefu katikati ya safari huoni nchi kavu upande wowote. Kwa aliyezoea boti za Zanzibar jambo la ajabu liko puani: maji kote, na hakuna harufu ya chumvi.

Nilitumia muda ule kujiuliza kwa nini ukumbi wa Racine ulinipa utulivu, wakati ofisi za wazi ninazozipanga nyumbani zinachosha watu. Ninazijua vizuri. Asubuhi mtu anaingia, ukumbini kuna watu arobaini. Akipita kimya, ana kiburi. Akisalimia kila meza, shikamoo kwa mzee wa masijala, mambo kwa vijana, mgonjwa anaendeleaje kwa jirani, amekula nusu saa na amewakatiza watu arobaini kazi. Baada ya wiki chache kila mmoja anapata kinga yake: hedifoni masikioni, macho kwenye kompyuta. Kiyoyozi nacho kinaleta kesi. Aliye chini yake anavaa sweta. Aliye kwenye kioo cha magharibi saa kumi jioni anaungua. Rimoti inafichwa kwenye droo ya mtu. Mchana wali samaki wa mama lishe unaliwa mezani, na harufu yake inahudhuria kikao cha saa nane. Na kuna lile baya kuliko yote: mkuu wa kitengo anamkemea mtu mzima mbele ya vijana wa umri wa wanawe, na kwa kuwa hakuna mlango wa kufunga, aibu ile wanaishiriki wote.

Si Dar peke yake. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa kampuni mbili kubwa za Marekani kabla na baada ya kuhamia ofisi ya wazi. Waliwavisha vifaa vya kurekodi nani anaongea na nani ana kwa ana. Kuta zilipoondoka, mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa karibu asilimia 70, na barua pepe zikapanda. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza niliwakumbuka wale wa hedifoni. Mtu asiyeweza kufunga mlango hufunga uso.

Mahali pa kwanza nilipokwenda baada ya feri ni Zeeland, mji mdogo wa Michigan wenye makanisa mengi ya Waholanzi na nyasi zilizokatwa kwa kipimo. Hapa ndipo ilipo kampuni ya samani ya Herman Miller. Ilimwajiri Robert Propst, mchongaji na mvumbuzi ambaye kabla ya hapo hakuwa amechora ofisi, ili achunguze watu wanavyofanya kazi. Propst aliona kumbi za wakati wake, safu za meza zinazotazama upande mmoja kama darasa, zinaua akili. Mwaka 1964, kwa michoro ya George Nelson, akatoa samani alizoziita Action Office: meza za kukaa, meza za kusimama, mahali pa kuacha kazi ya jana bila kuikunja. Zilikuwa nzuri na ghali, hazikuuzika. Mwaka 1968 akatoa toleo la pili, la paneli nyepesi zinazounganishwa kwa pembe pana, nyuzi 120, ili mtu awe na kificho kidogo bila kufungiwa.

Toleo hilo likauzika kuliko ndoto zake, kwa sababu asiyoitaka. Kodi za Marekani ziliruhusu kampuni kufuta gharama ya samani vitabuni haraka kuliko gharama ya kuta. Wahasibu wakapiga hesabu, wanunuzi wakazibana zile pembe pana kuwa za mraba, na paneli za Propst zikageuka vizimba vinavyojaza ghorofa nzima, kimoja nyuma ya kingine. Alifariki 2000, baada ya kulalamika hadharani kwamba wazo lake limegeuzwa kinyume chake. Nilipita nje ya majengo yale ya Zeeland nikimwonea huruma kama mtu wa kazi moja. Alichora kwa ajili ya mtu anayefikiri. Kilichonunuliwa ni idadi ya vichwa kwa mita ya mraba.

Ujerumani Magharibi nako mambo yalikwenda hivyohivyo kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walianza kupanga ofisi kwa kufuata njia za karatasi na mazungumzo: nani anampelekea nani nini. Meza zikatawanywa bila safu, zulia likatandikwa, miti ya vyungu ikawekwa kati, na wakubwa wakashushwa wakae na wengine. Wazo lilivuka bahari. Walioliiga walibakiza meza na vyungu, kelele zikawashinda, na miaka ya 1970 wafanyakazi wa Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, kupitia mabaraza yao ya kazi, walidai vyumba na wengi wakavipata.

Grand Rapids ndio mji wa samani wenyewe. Meza za Racine zilitengenezwa hapa, na kampuni iliyoitwa wakati huo Metal Office Furniture Company, iliyoanza 1912 na baadaye ikajiita Steelcase. Ni mji pia wa Wakongo wengi, hasa wa kutoka Kivu waliofika kama wakimbizi, kwa hiyo Kiswahili hukikosi. Nilikipata katika duka la vyakula upande wa kusini, lenye unga wa muhogo, mawese na samaki wakavu. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alisikia nikiuliza bei, akageuka.

"Dada, weye ni wa Tanzania. Kiswahili chako ni kya vitabu."

Nikamwamkia, tukatoka nje pamoja. Nilipomwambia kazi yangu akacheka sana.

"Miye niko natumika ku usine ya meza," akasema. "Meza za bureau. Unaweka kidole, inapanda. Unaweka tena, inashuka. Nimetengeneza mingi sana. Bado sijaikalia hata moja."

Nikamuuliza kuhusu kelele za kiwandani, kama zinamchosha.

"Ya mashine? Apana. Ile inapitaka tu, unaizoea. Yenye kuchokesha ni ya ku chumba cha kula. Watu wanasema, nawe unasikia neno kwa neno. Ile inaingiaka ku kichwa, haitoke."

Wataalamu wa sauti wanasema jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi. Kinachovuruga akili ofisini si ukubwa wa sauti. Ni neno linaloeleweka. Ubongo hauwezi kukataa kusikiliza lugha unayoijua. Ndiyo sababu mpangaji makini hahangaiki kunyamazisha ukumbi. Anahangaika ili maneno ya meza ya tano yakufikie yakiwa mvumo tu: kwa zulia, kwa dari linalonyonya sauti, kwa makabati ya urefu wa mtu aliyekaa, na pengine hata kwa spika zinazotoa mvumo mdogo wa makusudi. Mzee aliniaga kwa kuniombea baraka, akaniachia ombi: siku nikipanga ofisi yenye meza zile za umeme, nimkumbuke.

Jioni nilikwenda kutazama piramidi. Ipo kweli, kusini-mashariki mwa mji, imesimama peke yake penye uwazi wa nyasi. Steelcase waliijenga, ikafunguliwa 1989, ili wabunifu, wahandisi na watu wa masoko wawe chini ya paa moja, wakutane bila kupanga. Ilikuwa hoja ya uwazi iliyojengwa kwa chuma na kioo. Kampuni ikaja kupungua, jengo likawa kubwa mno kwake, likauzwa. Sasa ndani yake kuna kituo cha data: safu za kompyuta zenye viyoyozi vyao, uzio mrefu, na walinzi. Kompyuta zile zimepewa halijoto isiyobadilika, umeme usiokatika na hewa safi saa zote. Nilisimama kwenye uzio nikiorodhesha wateja wangu ambao hawajawahi kuwapa watu wao hata viwili kati ya vitatu hivyo.

Niliporudi Dar nilikuwa na jambo moja la kumwambia mkurugenzi wa bima. Ofisi ya wazi haikubuniwa kama njia ya kuokoa fedha. Pale ilipofaulu ilikuwa ghali, maana kila kazi iliyokuwa ikifanywa na ukuta ilibidi ifanywe na kitu kingine. Ukuta huzuia sauti, hugawa joto, huficha aibu, hulinda siri na humpa mtu mahali pa kulia akipigiwa simu ya msiba. Ukiubomoa, kazi hizo tano hazibomoki nao. Racine walizilipia tatu au nne kwa dari la juu, sakafu ya joto, mwanga usiobagua na meza iliyofikiriwa. Waliofuata, karibu dunia nzima, wamechukua ule uwazi tu, ambao ndiyo sehemu isiyo na bei, wakaiacha bili mezani.

Tulibishana, kwa heshima. Alitaka kujua mita ngapi atapoteza. Nikamwonyesha ramani. Jipsamu ya dari haitawekwa. Tutaacha zege juu lionekane na kuning'iniza vibao vya kunyonya sauti, dari lipande karibu nusu mita. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri halikaliki, hatakaa mtu kutwa: huko vitakwenda vyumba vidogo vya simu, stoo, chumba cha sala na vyumba viwili vya vikao. Jiko litakuwa na mlango, na meza ya kutosha ili watu wasile mbele ya kompyuta. Wanaopokea madai watakaa bega kwa bega na wanaokagua hasara, kwa sababu ndio wanaoulizana mara kumi kwa siku. Thomas Allen wa MIT alishaonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mawasiliano ya watu wa kazi hupungua haraka kadiri meza zao zinavyoachana, na hilo halihitaji ukumbi wa watu themanini. Kwa hiyo ukumbi tutaukata vipande, kila kimoja watu wanane hadi kumi, wenye kiyoyozi chao na rimoti yao. Salamu za watu wanane zinawezekana kabla chai haijapoa. Na kama ni lazima kubana gharama, ipungue ubora ngozi ya kiti, si magurudumu wala egemeo la mgongo.

"Na mimi nakaa wapi?" akauliza.

Hapo ndipo ramani nyingi hufia. Nilimwambia anaweza kubaki na chumba chake. Mtu anayeajiri na kufukuza anahitaji mlango, na wanaofukuzwa wanauhitaji zaidi yake. Ila kona anayoipenda, ile inayotazama bandari, ndiyo pekee katika ghorofa yenye upepo na mwanga wa asubuhi pamoja, na ikiwa ya mtu mmoja anayesafiri nusu ya mwezi basi habari ya ushirikiano tuifute kwenye karatasi ya kwanza. Hakunijibu siku ile. Alijibu wiki iliyofuata kwa ujumbe mfupi: kona iwe ya wote, chumba chake kihamie ndani, lakini apewe kioo mlangoni ili aone nani anakuja. Nikaona ni biashara nzuri.

Bajeti ilipanda, na baadhi ya watu aliopanga kuwaongeza hawakuenea. Ghorofa inaendelea kujengwa. Idara moja tu ilikataa katakata kutoka chumbani: wahasibu. Walimwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili, na aliponitumia nimsaidie kuwashawishi nilimrudishia nikiwaunga mkono. Mtu anayejua mshahara wa kila mwenzake anastahili ukuta, mlango, na ufunguo wake mwenyewe.